Vitabu Viwili Vinavyobishana: Usomi wa Joseph Nyasani na Swali la Mimi na Sisi

Utangulizi

Makala hii inanuia kuichunguza safari ya kitaaluma ya Profesa Joseph Nyasani, mwanafalsafa wa Gusii aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Hatudhamirii kuandika wasifu wake wala kuorodhesha vyeo alivyovishika. Tunakusudia kuyasoma maandishi yake matatu, la 1984, la 1989 na la 1997, kwa mujibu wa swali moja ambalo, kwa maoni yetu, lilimwandama: je, mtu mmoja ana uzito gani mbele ya jamii yake? Aidha, tutauliza jambo linalotuhusu moja kwa moja sisi wanafunzi wa Kiswahili, yaani yanayolipata swali hilo linapovushwa kutoka Kiingereza hadi lugha yetu.

Sababu ya kumchagua ni nyepesi. Katika semina zetu za fasihi na falsafa, mwanafunzi atokaye Kisii au Nyamira humtaja John Mbiti bila kusita, na akibanwa zaidi humtaja Odera Oruka. Nyasani hamtaji. Mwandishi wa makala hii mwenyewe alifika mwaka wa pili wa uzamili kabla ya kukutana na jina hilo, ilhali kisa kinachosimuliwa katika kitabu cha Nyasani cha 1984 alikuwa amekisikia kwa nyanya yake, mekoni, huko Nyamira, kabla hajajua kusoma.

Idara moja, taaluma mbili

Ili tumwelewe Nyasani hatuna budi kukumbuka mazingira ya usomi wake. Falsafa haikuingia Chuo Kikuu cha Nairobi kwa mlango wake yenyewe. Iliingia ikiwa imeshikana mikono na dini. Mwaka 1969 Askofu Stephen Neill, Mwingereza na mwanahistoria wa umisheni, alishika uprofesa wa kwanza wa Falsafa na Masomo ya Dini. Mwaka uliofuata Odera Oruka alijiunga na idara hiyo, na haikuchukua muda akaanza kudai kwamba falsafa ya Kiafrika isichukuliwe kuwa ni tawi la elimu ya dini. Katika kongamano la Düsseldorf mwaka 1978, Oruka alitoa uainishaji wake mashuhuri wa mikondo minne ya falsafa ya Kiafrika, na wa kwanza, ule wa imani na mila za jamii nzima, ndio alioutilia shaka zaidi. Shaka hiyo ilimlenga Mbiti pia. Kitabu chake African Religions and Philosophy, kilichotoka mwaka 1969, kiliziweka dini na falsafa katika jalada moja na kumfafanua mtu wa Kiafrika kwa kumrejelea mwenziwe: yupo kwa kuwa wengine wapo.

(Kwa wasomaji wa jarida hili inafaa kuongeza kwamba Mbiti, Mkamba wa Kitui, aliazima maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kuwa istilahi za nadharia yake ya wakati. Angekuwa Mgusii huenda angechukua bono na kare, na wala asingeenda mbali, kwa kuwa kare hiyo ni ndugu wa kale yetu.)

Nyasani alifanya kazi baina ya pande hizo mbili. Alikuwa mwanafalsafa wa kitaaluma, lakini hakukubali kuiacha jamii ikae nje ya falsafa. Katika insha yake ya 1989 kuhusu maana ya "mimi" na "sisi" katika falsafa ya Kiafrika, iliyomo katika kitabu kilichohaririwa na Heinz Kimmerle, aliyekuwa akifundisha falsafa Rotterdam, anashikilia kwamba "sisi" hutangulia na kwamba "mimi" hupata uhalisi wake ndani ya "sisi". Kufikia hapo angali jirani wa Mbiti. Tofauti inajitokeza katika The African Psyche cha 1997, na hapo ndipo penye uzito wa makala hii.

Vitabu viwili vinavyobishana

Katika The African Psyche Nyasani anazitaja sifa tano ambamo akili ya Mwafrika hujidhihirisha: ujamii, subira, uvumilivu, huruma na kukubali. Msomaji wa haraka atadhani anasifu tu. Hata hivyo, sifa hizo zina upande wa pili, na Nyasani hauonei haya. Anaeleza kwamba mtu aliyelelewa katika mfumo mkali wa mamlaka ya wazee hajui kutenda nje ya maagizo na makatazo ya jamii yake, kwamba nafsi yake huyeyuka ndani ya wengine ili ipate kuishi, na kwamba malezi hayo ndiyo yaliyomfanya Mwafrika awe mpole mno mbele ya mgeni aliyekuja kumtawala. Kwa maneno mengine, "sisi" iliyosifiwa mwaka 1989 inapandishwa kizimbani mwaka 1997.

Mwanafunzi wa Gusii hawezi kuipuuza hoja hii kwa kusema ni kasumba ya wageni. Robert LeVine na wenzake, waliofanya utafiti wa malezi katika Gusii miaka ya 1974 hadi 1976 na kuchapisha Child Care and Culture mwaka 1994, walionyesha jinsi akina mama wa Gusii walivyouthamini utii wa mtoto kuliko udadisi wake. Isitoshe, Ekegusii kina neno ensoni, au kwa wingi chinsoni, ambalo ni haya inayotenga kizazi cha wazazi na kizazi cha watoto na kuamua nani aseme nini mbele ya nani. Waswahili tunalo neno hilohilo, soni. Tofauti ni kwamba kwetu soni ni hisia inayompata mtu kisha ikapita, ilhali katika Gusii chinsoni ni sheria ya nyumba. Yeyote aliyelelewa Manga au Keroka anajua kwamba kuna sentensi ambazo hazitamkwi mbele ya baba, hata kama ni za kweli.

Hadi hapo hoja inasimama. Lakini tukirudi nyuma miaka 13, tunakutana na kitabu kingine cha Nyasani huyuhuyu: The British Massacre of the Gusii Freedom Defenders, cha 1984. Kichwa hicho pekee ni hoja nzima. Nyaraka za kikoloni ziliyaita matukio hayo safari za kuadhibu, naye anayaita mauaji. Waliouawa waliitwa waasi, naye anawaita watetezi wa uhuru.

Matukio yenyewe yanajulikana. Mwaka 1905 msafara wa Waingereza uliingia Gusii, na mashujaa waliobeba mikuki na ngao wakakabiliwa na bunduki ya rashasha. Januari 1908 kijana wa Kitutu aitwaye Otenyo Nyamaterere alimchoma mkuki afisa wa wilaya, G. A. S. Northcote, ambaye Wagusii walimwita Nyarigoti. Masimulizi yanasema Otenyo alichochewa na Moraa wa Ng'iti, mwanamke aliyeheshimiwa kwa uganga na kwa maono yake, aliyewasuta vijana kwa woga wao. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Gusii haikupona. Msafara wa pili ulichoma nyumba, ukateka ng'ombe na kuua watu wengi kiasi kwamba hata Winston Churchill, aliyekuwa naibu wa waziri wa makoloni mjini London, alilalamikia mauaji hayo kwa maandishi. Otenyo alikamatwa akauawa. Nyumbani husemwa kwamba kichwa chake kilipelekwa Uingereza.

Sasa msomaji na aulize: je, mwandishi wa kitabu cha 1984 anawezaje kuandika kitabu cha 1997? Ikiwa Mwafrika ni mpole kwa malezi, Otenyo alitoka wapi? Na ikiwa nafsi ya mtu huyeyuka ndani ya jamii, ni nani aliyesimama kando ya njia na mkuki siku ile?

Majibu mawili yanawezekana. La kwanza ni kwamba Nyasani alibadilika, kwamba kati ya 1984 na 1997 alikata tamaa. Jibu hili lina mvuto, kwani miaka hiyo ilikuwa na mengi ya kumkatisha tamaa msomi wa Kenya. Hata hivyo, tunachelea kulikubali, kwa sababu linaeleza hali ya moyo wa mwandishi badala ya hoja yake. La pili, ambalo tunaliunga mkono, ni kwamba vitabu hivi vinajadiliana juu ya mtu mmoja. Otenyo hakutenda nje ya "sisi". Alisukumwa na sauti ya mwanamke mkubwa kwa umri, akatenda kwa niaba ya watu waliopigwa mwaka 1905. Ujasiri wake ulitoka katika chemchemi ileile ambayo Nyasani anasema hutoka utiifu. Mtu aliyefunzwa kusikiliza wazee atanyamaza wazee wakinyamaza, na atachukua mkuki Moraa akisema. Kwa hiyo swali la 1997 halihusu upole peke yake. Linahusu nini hutokea wakati hakuna Moraa.

Tunakiri kwamba Nyasani mwenyewe hausemi mwisho huu. Ni usomaji wetu. Kwame Gyekye wa Ghana, katika kitabu kilichotoka mwaka uleule wa 1997, alipendekeza njia ya kati: mtu ni wa jamii, lakini hubaki na uwezo wa kuipima na kuipinga. Njia hiyo ni nadhifu zaidi kuliko ya Nyasani, ila sisi tunaiona ya Nyasani kuwa na ukweli mchungu zaidi, kwa kuwa haifichi gharama.

Tatizo la tafsiri

Mghana mwingine, Kwasi Wiredu, alishauri kwamba kila hoja ya falsafa ijaribiwe kwa kuifikiri upya katika lugha ya Kiafrika, tuone kama inasimama. Tumejaribu kufanya hivyo kwa Nyasani, na tumekwama mahali patatu.

Kwanza ni lile neno la Kiingereza docility analolitumia kumwelezea Mwafrika mbele ya mkoloni. Tukilitafsiri unyenyekevu, tumelifanya fadhila. Tukisema unyonge, tumelifanya aibu, na tukisema utiifu, tumelipeleka shuleni. Kiingereza kilimruhusu Nyasani kukaa kati ya sifa na lawama, lakini Kiswahili kinamlazimisha achague.

La pili ni zito zaidi. Msamiati wetu wa "mimi" umekwisha kuhukumu kesi kabla haijasikizwa. Maoni binafsi ni maoni tu, hayana ubaya, lakini kiongeze kiambishi u- upate ubinafsi, na umemtukana mtu. Umimi ni vivyo hivyo. Kwa upande wa jamii tunalo utu, neno ambalo Shaaban Robert alilijengea mhusika mzima katika Utubora Mkulima na ambalo halijapata kuwa tusi. Mwandishi anayetaka kutetea haki ya mtu mmoja kusimama peke yake kwa Kiswahili anaanza akiwa ameshindwa nusu. Kezilahabi alilijua hilo, na huenda ndiyo sababu katika Nagona na Mzingile aliikimbilia ishara na ndoto kuliko istilahi.

La tatu ni kichwa cha kitabu cha 1997. Psyche tuiite nini? Roho ina kanisa na msikiti ndani yake. Saikolojia ni jina la somo. Nafsi ndiyo inayofaa, na hapo sarufi inatuletea jambo ambalo Nyasani hakuwa na nafasi ya kuliona kwa Kiingereza. Katika sarufi ya Kiswahili ni- na tu- ni nafsi moja, nafsi ya kwanza. Vinatofautiana kwa umoja na wingi tu. Inche na intwe za Ekegusii zinakaa vivyo hivyo. Atakayeitafsiri insha ya 1989 ataamua kama "mimi" na "sisi" ni nafsi mbili, moja ikiimeza nyingine kama Nyasani alivyochelea, au ni nafsi moja inayohesabiwa mara mbili.

Nyanya, alipotusimulia mekoni habari za mwaka 1908, alizaliwa baada yake kwa zaidi ya miaka 20. Hakuwa wa ukoo wa Otenyo. Lakini kitenzi chake kilikuwa katika wingi, nafsi ya kwanza: tulimchoma Nyarigoti.