Namba Kubwa Ni Tasa? Ipime kwa Kalamu na Karatasi

Mwaka 1772 Leonhard Euler alithibitisha, bila mashine yoyote, kwamba 2,147,483,647 ni namba tasa. Aliweza kwa sababu namba hiyo ni 2³¹ − 1, na namba za umbo hili, ziitwazo namba za Mersenne, zina kanuni zake zinazopunguza kazi mno. Fuata hatua hizi.

1. Kagua kipeo. Katika 2ⁿ − 1, kama n si tasa, ishia hapo: namba nzima si tasa. Mfano ni 2⁶ − 1, yaani 63, ambayo ni 7 × 9. Kipeo kikiwa tasa, endelea, maana hilo peke yake halitoshi.

2. Chagua vigawo vya kujaribu. Kipeo p kikiwa tasa kuanzia 3, kila kigawo tasa cha 2ᵖ − 1 ni kigawe cha 2p ukiongeza 1. Tena, ukikigawanya kwa 8 hubaki 1 au 7. Vingine vyote viache. Chukua 2¹¹ − 1, yaani 2047: kigawo cha kwanza cha kujaribu ni 22 + 1, na kweli 23 × 89 = 2047. Usivuke kipeuo cha pili cha namba; kwa ile ya Euler, mwisho ni 46,340.

3. Vigawo vikiwa vingi mno, tumia kipimo cha Lucas na Lehmer. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa namba unayoipima, kisha chukua salio tu. Rudia mara p − 2. Salio la mwisho likiwa 0, namba ni tasa. Lisipokuwa 0, si tasa. Kwa 127, yaani 2⁷ − 1, hatua ni 5: 4, 14, 67, 42, 111, 0. Ni tasa.

Hakiki kila salio kabla ya kusonga mbele, kwani kosa moja huharibu hatua zote zinazofuata. Kumbuka pia kwamba kipimo hiki hakitaji vigawo. Lucas alionyesha mwaka 1876 kuwa 2⁶⁷ − 1 si tasa, lakini vigawo vyake vilitolewa na Frank Nelson Cole mwaka 1903: 193,707,721 na 761,838,257,287.

Kipimo hicho hicho ndicho kilichothibitisha mwaka 2024 namba tasa yenye tarakimu 41,024,320. Wewe anza na 8191, yaani 2¹³ − 1: hatua 11, na mwisho upate 0.