KIDONDA KINA SABABU YAKE

Mama, ukiletwa hospitali, kwenye chumba cha wagonjwa wa haraka, na jicho limevimba ao mkono umevunjika, muganga atakuuliza: «Uliumia namna gani?» Wamama wengi wanajibu: «Nilianguka.» Kama ni kweli, ni vizuri. Lakini kama ulipigwa, sema: «Nilipigwa.»

Kwa nini? Muganga akijua kidonda tu, atakishona na kukurudisha nyumbani, kwenye mkono uleule. Akijua sababu, anaweza kusaidia usipigwe tena.

Muganga anapaswa kufanya nini?

1. Kuzungumza nawe peke yako. Hata bwana yako angoje inje.

2. Kukupima mwili wote. Kama uko na mimba na ulipigwa kwenye tumbo, kondo la nyuma linaweza kubanduka. Damu inatoka, mara nyingine ndani bila kuonekana, na mtoto anaweza kufa. Njoo hata kama hausikii maumivu.

3. Kuandika vidonda na tarehe katika fishi yako. Maandiko hayo yanaweza kukusaidia mbele ya tribinali.

4. Kukuuliza: «Ukirudi leo, utakuwa salama? Uko na ndugu wa kukupokea pamoja na watoto?»

Kama mtu alikulazimisha kulala naye, usingoje. Dawa ya kuzuia Sida inaanzwa mbele ya masaa 72 kupita. Ya kuzuia mimba, mbele ya siku 5.

Mama, haya si yako. Ni ya yule aliyekupiga.