Mchagua Tupa Ni Fundi

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii tumeichambua chamani mara nyingi, na kila mara tumekubaliana kuwa mvivu ndiye anayekaa akilalamikia chombo badala ya kushika kazi. Mimi pia niliamini hivyo, mpaka likizo ya Aprili nilipokwenda kumsaidia mjomba katika karakana yake ya useremala hapa Nakuru. Huko nilijifunza kwamba ziko kazi ambazo asiyechagua chombo huharibu mali ya watu. Mojawapo ni kazi ya tupa.

KISA CHENYEWE

Mvua ya masika ilikuwa imeanza. Mvua hii ikishika, maseremala wa Nakuru, Njoro na Molo hupata kazi ya namna moja: milango imekataa kufunga. Mbao nyingi za huku kwetu ni za saiprasi kutoka upande wa Elburgon na Molo. Zikitumiwa kabla ya kukauka sawasawa, au zisipopakwa rangi, hunywa unyevu na kufura, nao mlango hukwama kwenye fremu. Mama mmoja alimwita mjomba amtengenezee mlango wa sebule. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na Jumamosi alikuwa anapokea wageni waliokuja kumposa binti yake.

Mjomba alikuwa amebanwa na kazi, akanituma mimi. "Chukua ile mashine ndogo, ukwaruze kona ya juu. Milimita mbili tu, usizidishe!" Nikaenda mbio. Sikuangalia kichwa kilichokuwa kwenye mashine. Kumbe kilikuwa kile cha chembe ngumu, ambacho mjomba alikuwa amekitumia jana yake kukwangua saruji iliyobaki ukutani baada ya kubandua vigae vya bafu.

Nilikiweka mbaoni, nikafungulia mwendo wa juu kabisa, nikakandamiza kwa nguvu zangu zote. Mwanzo kilikula vizuri. Halafu utomvu na unga wa mbao vikajaa kati ya chembe, kichwa kikawa laini kama mgongo wa kijiko. Sasa hakikwaruzi tena, kinachoma! Moshi ukaanza kutoka. Mimi nami, kwa ujinga wangu, nikazidi kukandamiza. Nilipoinua mashine, kona ya mlango ilikuwa na doa jeusi la kuungua, na kando yake kishimo.

Yule mama hakunifokea. Aliniambia tu, "Mwanangu, kama hujui si ungeuliza?" Maneno hayo yaliniuma kuliko kofi. Ijumaa mjomba alikesha kazini. Aliikata kona ile, akaunga kipande kipya kwa gundi, akakipiga msasa na kukipaka rangi. Wageni walipofika mlango ulikuwa ukifunga vyema, lakini malipo ya mjomba yote yaliishia kwenye mbao, gundi na rangi. Jumapili alinikalisha chini akanifundisha. Mafunzo hayo ndiyo ninayokuletea hapa.

TUANZE NA MANENO

Kwa kuwa sisi ni chama cha Kiswahili, tuweke maneno sawa kwanza. Nomino tupa iko katika ngeli ya I-ZI: tupa hii imechakaa, tupa hizi zimechakaa. Tusiichanganye na kitenzi tupa. Ndiyo maana mafundi humtania mwanafunzi mpya wakimwambia, "Usitupe tupa!"

Tupa ya chuma ina mistari midogo iliyokatwa sambamba. Tupa ya mbao ina meno yaliyosimama mojamoja, kama ya kikwaruzio cha karoti jikoni. Ukipeleka tupa ya chuma kwenye mbao, mistari yake hujaa unga upesi. Ukipeleka tupa ya mbao kwenye chuma, meno yake huisha.

Nalo neno msasa lina historia nzuri. Msasa ni mti ambao majani yake yana ukwaru, na tangu zamani mafundi wa pwani waliyatumia kusugulia mbao mpaka ziwe laini. Karatasi ya dukani yenye mchanga ilipokuja, ilirithi jina la mti. Tena neno likapanda cheo: leo tunasema mwandishi ameipiga msasa insha yake.

Kwa hivyo tofautisha vitenzi hivi. Kukwaruza ni kuondoa kwa wingi, na alama hubaki. Kupiga msasa ni kuondoa kidogo kidogo ili alama zitoweke. Kunoa ni kutia makali. Kosa langu la kwanza lilikuwa la lugha: sikujua ni kitenzi kipi nilichotumwa kukifanya.

MASHINE INAYOTIKISIKA

Mashine ndogo ya mjomba haizunguki kama keekee. Hutikisa kichwa chake kushoto na kulia kwa haraka mno, kama mswaki mkononi mwa mtu aliyechelewa shule. Mashine nyingi za aina hii hutikisika kati ya mara 10,000 na 20,000 kwa dakika, lakini kila mtikisiko ni wa digrii kama 3 tu, ilhali duara zima ni digrii 360.

Asili ya wazo hili ni hospitalini. Katika miaka ya 1940, daktari wa mifupa wa Marekani, Homer Stryker, alibuni msumeno wa kutikisika wa kukatia plasta iliyofungwa kwa aliyevunjika mfupa. Mnamo 1967 kampuni ya Fein ya Ujerumani, ambayo ilitengeneza keekee ya umeme ya kushikwa mkononi mwaka wa 1895, nayo ikatoa msumeno wa plasta wa namna hiyo. Baadaye mafundi wakaona kwamba ukibadilisha kichwa, mashine hiyo hiyo inaweza kukata, kukwaruza na kupiga msasa.

Kwa nini msumeno wa daktari ulikata plasta bila kumkata mgonjwa? Plasta ni ngumu, haisogei, basi meno huila. Ngozi ni laini, nayo hucheza pamoja na meno. Hii ndiyo siri ya mashine yenyewe: hula kitu kigumu kilichotulia, bali kitu kinachonepa huisumbua. Kwa hivyo kaza mbao yako kwenye jiliwa kabla ya kuanza. Hata hivyo usijaribu kichwa cha tupa kwenye kidole chako. Chembe zake hazina huruma ya daktari.

MASWALI MANNE KABLA YA KUCHAGUA

Mjomba alinifundisha kujiuliza maswali manne.

1. Ninakwaruza kitu gani? Kwa mbao tupu, chagua kichwa cha chuma chenye meno, kwa sababu meno hukata nyuzi za mbao na kuzitupa nje. Kwa saruji, gundi ya vigae au jiwe, chagua kichwa cha chembe za kabidi ya tungsteni, ambazo ni ngumu kuliko chuma chochote cha karakana. Kichwa cha chembe hakikatazwi kwenye mbao. Kinafaa sana kwenye mbao kuukuu zenye rangi, lipu au vumbi la saruji, mahali ambapo meno ya chuma yangekatika. Lakini kwenye saiprasi mbichi yenye utomvu huziba upesi, kama nilivyoona mimi. Kwa mistari migumu iliyo kati ya vigae, kuna kisu chembamba chenye chembe za kabidi au za almasi. Na chuma je? Kwa chuma rudi kwenye tupa ya mkono.

2. Nataka kuondoa kiasi gani? Hapa soma namba. Namba ya chembe hutokana na chekecheo: kadiri matundu yanavyokuwa mengi katika inchi moja, ndivyo chembe zinazopita zinavyokuwa ndogo. Kwa hivyo namba ndogo ni chembe kubwa, nalo jambo hili huwachanganya wengi. Namba 20 hadi 40 hula haraka na kuacha mikwaruzo mirefu. Namba 60 ni ya wastani. Kutoka 80 kwenda juu tumeingia katika nchi ya msasa. Usiruke kutoka 40 hadi 240 ukitarajia mbao ilainike. Pita 40, 80, 120, kisha 240, kila namba ikifuta alama za iliyotangulia.

3. Mahali penyewe pana umbo gani? Kichwa cha pembetatu huingia kwenye kona ya fremu ambako randa haifiki. Kichwa chembamba kama kidole huingia kati ya vibao vya dirisha. Kwa mguu wa kiti uliopinda, tafuta kilicho na mgongo wa mviringo. Kumbuka pia kwamba ncha ya mbali ndiyo inayotembea zaidi, nayo ndiyo inayochakaa kwanza. Geuza pembetatu yako mara kwa mara, ikiwa mashine inaruhusu, ili pembe zote tatu zifanye kazi.

4. Je, kitashika kwenye mashine yangu? Mashine zote hazina mdomo mmoja. Nyingine zina vipini vidogo vilivyopangwa kwa duara, nyingine zina umbo la nyota. Nenda dukani na kichwa chako cha zamani mfukoni, ulinganishe tundu kwa tundu. Kichwa kinachocheza hulegea, na kikilegea hukwaruza mahali ambapo hukutaka.

KUKAGUA DUKANI

Siku hizi vichwa hivi vimejaa madukani, vya bei ya juu na vya bei ya chini. Usiamini maandishi ya pakiti peke yake, kishike kichwa mkononi. Chembe zimeenea sawasawa, au kuna vipara? Ukizisugua kwa kucha, zinatoka? Ikiwa zinatoka kwa kucha, zitasimamaje mbele ya saruji? Angalia pia unene wa bamba. Bamba jembamba mno hunepa, na tumeshasema kinachonepa hakikati.

Kichwa kizuri nacho chahitaji adabu. Kwenye mbao anza na mwendo wa chini. Usikandamize, acha mashine ifanye kazi, wewe iongoze tu. Kikianza kuziba, zima mashine, ng'oa plagi, ukisafishe kwa brashi ya waya. Kamwe usibadilishe kichwa plagi ikiwa bado ukutani. Na kabla ya kukwaruza, pitisha macho na vidole utafute misumari, kwa sababu msumari mmoja humaliza meno ya kichwa kizima.

VUMBI NI ADUI ASIYEONEKANA

Mjomba alipofika hapa alibadilika sauti. Doa la mlango hutengenezwa, alisema, lakini pafu haliungwi kwa gundi. Saruji, vigae na mawe yetu ya kujengea vina silika. Ukivikwaruza, silika hutoka kama unga mwembamba usioonekana, huingia ndani kabisa ya mapafu na kuyatia makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi, na hauna tiba ya kuyaondoa makovu hayo. Mtu huweza kuvuta vumbi miaka mingi akijiona mzima, halafu pumzi ianze kupungua.

Leso iliyofungwa puani haizuii unga huo. Vaa barakoa ya vumbi ya kiwango cha N95, iliyokaza vizuri usoni, pamoja na miwani. Fanya kazi nje au fungua madirisha, na mwishoni usifagie vumbi likiwa kavu; lifute kwa kitambaa chenye maji. Ukikuta paa au bomba la zamani la asbestosi, ambayo Kenya iliipiga marufuku mwaka wa 2006, usiliguse na tupa yoyote. Mwambie mwenye nyumba awaite wenye ruhusa ya kuiondoa.

HITIMISHO

Je, wahenga walikosea? La hasha. Anayesemwa katika methali ni yule anayechagua ili asilime. Fundi huchagua ili afanye kazi, tena huchagua upesi kwa sababu anajua anachokitafuta. Isitoshe, si lazima uwe na mashine. Umeme ukipotea, na hupotea mara nyingi, tupa ya mbao ya mkono na kipande cha msasa hufanya kazi ile ile, na maswali ya mjomba hubaki yale yale.

Likizo ya Agosti nilirudi kwa yule mama kutengeneza dirisha lake. Safari hii kabla ya kuwasha mashine nilimwonyesha mjomba kichwa nilichochagua. Alikitazama, akanirudishia bila kusema neno. Kwangu mimi hiyo ilikuwa alama ya A.

ZOEZI

1. Tunga sentensi mbili: moja ukitumia tupa kama nomino, nyingine ukilitumia neno hilo kama kitenzi.
2. Eleza tofauti kati ya kukwaruza, kupiga msasa na kunoa.
3. Kati ya kichwa namba 40 na namba 120, kipi kina chembe kubwa? Toa sababu.
4. Umetumwa kukwangua gundi kuukuu ya vigae ukutani. Utachagua kichwa gani, na utavaa nini?
5. "Mchagua jembe si mkulima." Andika kisa kitakachothibitisha ukweli wa methali hii, au kitakachoonyesha mpaka wake.