SOMO LA KOMPYUTA: Umebadilisha neno la siri. Aliyekwisha kuingia je?



Katika kompyuta ya Linux inayotumiwa na watu wengi, huenda umehifadhi barua, nakala za vyeti na habari za ndugu unaowatafuta. Ukihisi kwamba mtu amelijua neno lako la siri, unalibadilisha upesi kwa amri ya passwd. Vema. Lakini kama mtu huyo alikwisha kuingia kwa jina lako, je, atatolewa nje? Hapana.

Neno la siri huulizwa mlangoni tu. Fikiria mpaka wa Kabuhanga, sekta ya Bugeshi. Afisa hukagua karatasi zako unapovuka. Ukishafika sokoni haulizi tena. Karatasi za aina mpya zikianza kudaiwa saa sita mchana, aliyevuka asubuhi bado yumo sokoni. Linux ni vivyo hivyo. Ukishaingia, kila programu unayoifungua hupewa namba yako ya mtumiaji, na kompyuta hutazama namba hiyo. Neno lenyewe, likiwa limefichwa kwa hesabu, limo katika faili la /etc/shadow. Amri ya passwd hubadilisha faili hilo, haigusi programu zinazoendelea. Aliye ndani ataendelea kusoma na kunakili barua zako. (Skrini iliyofungwa itadai neno jipya, maana hapo mtu anaulizwa upya.)

Basi, badilisha neno kwanza. Ukianza kwa kumfukuza, atarudi dakika hiyohiyo kwa neno la zamani.

Kisha tazama sehemu mbili ambazo hata mafundi huzisahau. Ya kwanza ni kazi zilizopangwa kujianzisha kwa saa; andika crontab -l uzione. Ya pili ni faili la .ssh/authorized_keys. Ufunguo uliowekwa humo humwingiza mtu kutoka mbali bila kuulizwa neno lolote, hata ukilibadilisha mara kumi. Ukikuta mstari usioufahamu, mwite msimamizi wa kompyuta aufute.

Mwisho hifadhi kazi zako zote, halafu, kama jina lako la kuingilia ni neema, andika:

pkill -KILL -u neema

Programu zote zinazoendeshwa kwa jina hilo zitakatwa, za mgeni na zako pia. Ingia tena kwa neno jipya.