SOMO LA UFUNDI: MSTARI WA RANGI KWENYE GARI NA UJIRA WA ANAYEUCHORA



Mtu atokaye Logiri akiingia mjini Arua huyaona magari ya kila aina: teksi nyeupe zenye mkanda wa miraba ya buluu, na malori yaendayo Kongo kwa njia ya Vurra au Sudan Kusini kwa njia ya Koboko. Mengi yamepigwa mistari ubavuni. Abiria husifu gari, tajiri wa gari husifiwa, lakini fundi hakumbukwi. Somo letu la leo linamhusu yeye.

1. Kazi yenyewe

Mistari ni ya zamani kuliko injini. Mafundi wa Ulaya waliichora kwenye magari ya farasi. Katika kiwanda cha Rolls-Royce huko Goodwood, Uingereza, mstari wa ubavuni ungali unachorwa kwa mkono, kwa brashi ya nywele za kindi. Basi asikudanganye mtu kwamba hii ni kazi ya kuchezea rangi.

Fundi huanza kwa kuosha bodi na kuondoa mafuta yote, kwa sababu rangi haishiki penye mafuta. Kisha hupima kutoka ukingo wa mlango na kutia alama za chaki. Rangi isiwe nzito, ikakatika njiani. Wala nyepesi, ikatiririka. Brashi huwa na nywele ndefu ili ibebe rangi ya kutosha mstari mrefu. Kidole kidogo hutegemea bodi, na mkono mzima huvutwa pamoja na mwili, si kifundo peke yake. Macho hutazama mbele mstari unakokwenda, si kwenye ncha ya brashi. Gari lililochomwa na jua lisiguswe mpaka lipoe.

2. Afya

Rangi nyingine za manjano na nyekundu hutiwa madini ya risasi. Risasi hudhuru ubongo, damu na figo, na watoto ndio huumia zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Sheria ya mfano ya Umoja wa Mataifa inataka rangi isizidi sehemu 90 za risasi katika milioni. Kwa hiyo:

(a) Usichonge ncha ya brashi kwa mdomo.
(b) Rangi ya zamani ipigwe msasa wa maji, vumbi lisiruke.
(c) Thina itumike penye hewa, mbali na moto, usinawie mikono.
(d) Nguo za kazi zisibebwe na kuchanganywa na za watoto.

3. Hesabu

Tuchukue mfano. Fundi amepatana na tajiri shilingi 60,000 kwa lori moja, kazi ya siku mbili. Rangi 15,000; thina 6,000; msasa na utepe 4,000; msaidizi 15,000. Jumla 40,000. Zimebaki 20,000, yaani 10,000 kwa siku, na brashi inayochakaa haijahesabiwa. Fundi huyu alijiona amepata sitini!

Siku hizi kuna mistari ya plastiki ya kubandika. Wengine hushindana nayo kwa kushusha bei, na mwisho fundi humshusha fundi mwenzake. Afadhali mafundi wa mji mmoja wakae, wapatane kwamba vifaa hulipwa na tajiri kwanza, na kazi ya mikono huhesabiwa peke yake.

Kazi pia huletwa na sheria. Nchini Kenya, kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 ziliagiza kila matatu iwe na mstari wa manjano. Amri kama hiyo ikitoka, mafundi waliokwisha patana hawawezi kupunjwa mmoja mmoja.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kazi yako ya mwisho, ulibakiwa na kiasi gani kwa siku?
2. Nani hununua vifaa: wewe au tajiri?
3. Msaidizi wako amefundishwa hatari ya risasi?

Umoja ni nguvu.