Sindano nyingi baada ya upasuaji si kinga

Majuzi mama mmoja kutoka Ruiru alinijia kliniki akiwa amejaa hasira. Mumewe alikuwa amepasuliwa henia, na siku ya pili akaruhusiwa kwenda nyumbani bila hata kidonge kimoja cha antibiotiki.

"Daktari, hii si dharau?" akaniuliza. "Kaka yangu alipopasuliwa zamani alidungwa sindano siku tano mfululizo!"

Nilifungua bendeji. Kidonda kilikuwa kikavu na safi.

Msomaji mpenzi, swali la mama huyu ni la wengi. Tumezoea kuamini kwamba dawa nyingi ndiyo huduma nzuri. Lakini hospitalini, mazoea hayo ndiyo hulisha viini sugu, yaani viini ambavyo dawa za kawaida haziviui.

Viini sugu hutoka wapi?

Katika kundi lolote la viini, vichache huenda vikawa na uwezo wa kuistahimili dawa. Antibiotiki inapotumika, vile dhaifu hufa, na vile sugu hubaki na nafasi tele ya kuzaana. Isitoshe, viini vingine huweza kuwapa wenzao uwezo huo. Methisilini, kwa mfano, ilianza kutumika karibu na mwaka 1960 ili kupambana na viini vya usaha vilivyokuwa vimeshinda penisilini. Kufikia 1961, viini vilivyoishinda methisilini vilikuwa tayari vimeripotiwa Uingereza.

Hospitali ni mahali pazuri kwa viini hivi. Wagonjwa wako karibu karibu, wengine wana vidonda, mipira ya mkojo au sindano za maji mishipani, na wengi wanatumia antibiotiki. Watoto wachanga waliozaliwa kabla ya wakati ni miongoni mwa walio hatarini zaidi.

Funzo kutoka Thika

Mwaka 2010 na 2011, Hospitali ya Thika Level 5 ilifuatilia zaidi ya wagonjwa 3,000 waliofanyiwa upasuaji. Hapo awali, karibu kila mgonjwa alipewa antibiotiki baada ya kupasuliwa, lakini ni wachache mno waliopewa kabla. Hospitali ikaweka utaratibu mpya: dawa itolewe kabla ya kisu kugusa ngozi, na isiendelezwe baadaye bila sababu.

Sababu yake ni rahisi kuelewa. Viini huingia wakati ngozi imefunguliwa, kwa hivyo dawa inapaswa kuwa imeshafika kwenye damu saa hiyo. Mshono ukishafungwa, sindano za siku tano huwa zimechelewa.

Katika muda wa wiki chache tu, karibu wagonjwa wote walikuwa wakipewa dawa kabla ya upasuaji, na matumizi ya baada ya upasuaji yakashuka sana. Vidonda havikuzidi kuoza. Kwa hakika, maambukizi ya juu juu ya ngozi yalipungua, na hospitali ikaokoa pesa na muda wa wauguzi.

Mkurupuko ukitokea

Ikiwa wagonjwa kadhaa katika wodi moja wanapatikana na kiini sugu cha aina moja, huo huenda ukawa mkurupuko. Kutafuta dawa kali zaidi peke yake hakutoshi, kwani itamtibu aliyelala kitanda hiki huku kiini kikihamia kitanda cha pili.

Kwanza, maabara ioteshe viini kutoka kwa damu, usaha au mkojo, ili ijulikane ni kiini gani na dawa gani inakiweza. Pili, walioambukizwa watengwe, au wawekwe pamoja na kuhudumiwa na wauguzi wao. Tatu, mikono ioshwe kabla na baada ya kumgusa kila mgonjwa. Spiriti ya kupaka inafaa ikiwa mikono haina uchafu unaoonekana. Glavu hazichukui nafasi ya kunawa. Nne, vitanda, sinki na vifaa vya pamoja visafishwe, na chanzo kitafutwe. Tano, antibiotiki zitolewe kwa uangalifu.

Wajibu wako

Wewe unayekwenda kumwona mgonjwa pia umo katika vita hivi. Nawa mikono unapoingia wodini na unapotoka. Usiketi kitandani mwa mgonjwa, wala usiguse kidonda au mipira yake. Ukiwa na jipu, mafua au unaharisha, tuma salamu na ubaki nyumbani. Usione haya kumwuliza daktari au muuguzi kwa heshima kama amenawa.

Usilazimishe sindano, wala usinunue antibiotiki dukani bila kuandikiwa. Hata hivyo, kidonda kikianza kuvimba, kutoa usaha au kuuma zaidi, au homa ikipanda, rudi hospitalini mara moja. Na ikiwa daktari amekuandikia dawa kwa sababu maambukizi yapo, zitumie jinsi alivyokuelekeza.

Yule mama nilimweleza haya yote. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama yeye mwenyewe anaweza kumfunga mumewe bendeji. Nikamwambia anaweza, mradi aanze na maji na sabuni.