Kompyuta 60 na bosi mwenye haraka

SWALI: Ofisi yetu ina kompyuta 60 za Windows 10. Bosi anataka zote zihamie Windows 11 wikiendi moja. Nianzie wapi?

JIBU: Wikiendi moja haitoshi, ingawa haraka ya bosi wako ina sababu: Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

Anza na daftari, si flashi. Pita meza kwa meza uandike prosesa, RAM na diski. Kwa mashine za Intel, Windows 11 inataka kwa ujumla kizazi cha 8 kwenda juu, RAM ya GB 4, diski ya GB 64 na TPM 2.0. (GB 4 itawaka, lakini mtumiaji atakunywa chai akingoja faili lifunguke, weka 8.) Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc. Ikisema TPM haipo, usiitupe mashine bado. Mara nyingi TPM imezimwa tu kwenye BIOS.

Zisizofaa kabisa zinunulie ulinzi wa ziada wa Windows 10 kutoka Microsoft: dola 61 kila moja mwaka wa kwanza, bei ikipanda maradufu kila mwaka, mwisho miaka 3. Mimi ningenunua mashine mpya.

Kisha jaribu kompyuta tano, na moja iwe ya mhasibu. Niliwahi kuanza na mapokezi, mambo yakawa shwari. Kufika uhasibu, printa ya risiti ikagoma siku mbili. Mwisho wa mwezi usiwaguse wahasibu kabisa. Na nakala rudufu uijaribu kuirudisha kabla hujagusa chochote.